Kigoda Kilichopinduliwa

Yote yaliharibika Jumatano ya tarehe tisa Machi, mke wangu alipokata roho kwenye foleni ya hospitali, wakubwa wakinywa chai ofisini. Tangu siku hiyo kigoda chake cha jikoni nilikipindua, asikikalie mtu.

Likizo hii binti yangu kaja na mwanawe wa kike. Jana natoka kazini nasikia vicheko. Mjukuu kakiinua kigoda kile, kakikalia, anamenya viazi.

"Toka hapo! Nani kakuruhusu?"

Akasimama, kisu mkononi.

"Baba," binti yangu akasema, "mama ndiye aliyemfundisha kumenya, hapo hapo."

Wakubwa nimewalaani weee, kumbe kicheko cha nyumbani nimekizima mwenyewe. Uso niufiche wapi? Nikakifuta kigoda kwa shati langu.

"Keti, bibi yangu mdogo."

Hakuketi. "Babu, likizo ijayo tusije?"