Nyama ya Ntheo

Mwaka wa 1984 mvua ilikataa kabisa kule Kilungu. Kwa hivyo Kalondu aliporudi kutoka kisimani akakuta nyama inachemka, hakuuliza mbuzi ametoka wapi. Alikula. Tena akaomba mchuzi.

Mama mkwe wake, Kaluki, alingoja amalize kulamba vidole, ndipo akapiga vigelegele.

"Sasa tumekula ntheo! Mbula ni bibi ya Muthama!"

Ntheo ni mbuzi wa posa. Wazazi wa msichana wakishamla, wamekubali, basi. Mama yake Kalondu alimla mbuzi wa binti yake mwaka wa 1962, na Kalondu, miaka kumi na minne, akaletwa kwenye boma hili hili huku majirani wakishangilia. Siku hizi mzazi wa namna hiyo huombewa kanisani kama mgonjwa, na anayeitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote ni Kalondu.

"Mtoto wangu ako Form Two!" Kalondu alifoka.

"Na wewe ulikuwa form gani?" Kaluki akamjibu.

Ndeti, mume wa Kalondu, aliyempokea huyo mbuzi, alikuwa akichokoa meno.

Kalondu angependa kusema alidanganywa. Wapi! Harufu ilipomfikia njiani alishajua. Katika njaa ile, nani angechinja mbuzi bure? Alijua, akala kwanza.

Jioni Mbula alifika kutoka shuleni kwa likizo, shingo imekonda. Nyanya yake, Kaluki, alimtolea bakuli lililofunikwa.

"Kula, mwanangu. Ukionja tu, maneno imeisha."

Mkono wa Mbula ulikuwa umeshaingia bakulini. Kalondu alilinyakua akamwagia mbwa.

"Hiyo ni ntheo yako!" alimwambia mama mkwe. Akaenda kumfungua mbuzi wao wa maziwa, wa pekee aliyebaki. "Huyu narudishia kina Muthama sasa hivi. Na wewe, Mbula, utarudi shule."

Ndeti alifungua mdomo. Kalondu alimtazama, naye akasogea kumpisha.

Mbula hakushukuru. Alimtazama mbwa mpaka akamaliza.

"Mwaitu, wewe ulikula?" alimuuliza mama yake.

"Nilikula."

"Ilikuwa tamu?"

Kalondu alikaza kamba mkononi. Alitamani kusema hapana.

"Ilikuwa tamu, mama," akasema, na machozi yakamtoka mbele ya mtoto wake.