Niliyomsemea Marta

Je, umewahi kumsemea mtu, naye amekaa palepale anakusikia, ukasema asichokisema? Mimi nimefanya hivyo, hapa Busale, barazani kwangu.

Mjukuu wangu Tusajigwe anasoma shahada ya uzamivu ya saikolojia. Mwanangu Aliko humtania: "Daktari gani huna hata sindano?"

"Sindano yangu maswali, baba mdogo."

Mwaka huu alikuja kuwasikiliza akina mama waliofiwa na watoto wachanga. Amekulia Dodoma, Kinyakyusa chake kinaishia kwenye salamu, basi akaniomba nimtafsirie kwa Marta, mke wa Aliko. Marta Kiswahili anakijua, anauzia kakao kwacho, ila alisema habari za mwanawe Lusungu, aliyefariki akiwa na miezi mitano, hazimtoki kwa Kiswahili.

Tusajigwe akawasha simu irekodi. "Siku zile, nani alikufariji?"

Marta alikunja pindo la kitenge, akalikunjua, akalikunja tena. Akajibu kwa Kinyakyusa: "Hakuna. Siku ya nne mama mkwe aliniamsha nikaamie ndege wasile mpunga. Nilikuwa nawatupia udongo huku maziwa yananitoka."

Kwetu mkwe hasemwi, hata akiwa na kosa. Na mama mkwe huyo ni mimi. Nikamgeukia mjukuu wangu: "Anasema tulimfariji vizuri, anamshukuru Mungu."

Marta alinitazama, akainamisha kichwa. "Ndaga," akasema. Asante. Ile asante sikulala nayo vizuri.

Siku tatu baadaye Tusajigwe alikuwa anafunga mizigo. Akaniambia, "Mwenzangu Godwin, Mnyakyusa wa Ipyana, atatafsiri rekodi zote upya, tulinganishe. Msimamizi wetu ndivyo anavyotaka. Zikipishana ataona nimejitungia majibu. Kazi ya miaka mitatu itakataliwa, bibi."

Nikakaa juu ya gunia la mchele alilokuwa aondoke nalo. "Hukutunga wewe. Nimetunga mimi." Nikamweleza yote, hata yale maziwa.

Akaacha kufunga mizigo. "Kosa langu. Tulifundishwa: usimfanye ndugu mkalimani. Nikajiambia huyu si ndugu, ni bibi." Tulicheka, kicheko kisicho na raha. "Namwandikia msimamizi leo, nimwambie ukweli, mahojiano haya niyatoe. Lakini kwa mama mdogo Marta, barua haitoshi."

Nikaenda mwenyewe. Marta alikuwa anageuza kakao kwenye mkeka, bado mbichi, zinanata. Nikachuchumaa, nikageuza naye, za chini juu, za juu chini.

"Marta, nilikusemea uongo."

"Nilisikia, mama."

"Na siku ile ya nne, ndege walikuwa wanamaliza mpunga, nikaona..."

"Walikula kidogo tu, mama."

Nikamuuliza: "Ulitaka nikufanyie nini?"

Alimaliza safu nzima bila kuinua macho.

"Nilitaka kulala kwako, mama. Chumba changu kilikuwa bado kinanukia mtoto."