Istikhara ya Kuazima

Bi Fairuz alitaka kwenda kuona barafu, na akataka mimi ndiye nimwotee. Nisikilizeni vizuri, maana watu wa kwetu wakiipata habari hii watarukia kusema Swafiya muongo. Muongo ni kweli. Lakini nilidanganya mara moja tu, na sababu nilikuwa nayo.

Ilikuwa Aprili, mwaka 2007. Nilikuwa na mwaka wa nne nyumbani kwake, Al Garhoud, huku Uarabuni, nikimpikia, nikimpima sukari, nikimshika mkono kila aendako. Bi Fairuz ni Mzanzibari wa zamani, aliondoka Unguja angali msichana, na mpaka leo Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu mimi wa Shela, Lamu. Ana miaka sabini na mmoja, magoti mabovu na kichwa kigumu. Aliona kwenye televisheni meli ya watalii inayopanda kaskazini mwa Norwe, milima imekuwa myeupe mpaka majini, akasema, "Swafiya, sifi mpaka niione hiyo." Wanawe wako Maskati. Walipomkataza kwa simu, aliizima simu.

Tukaenda kwa wakala wa safari, hapo hapo karibu na uwanja wa ndege. Alituhudumia Monicah, msichana wa Kenya bara, mcheshi, asiyeficha neno.

"Madam, ziko mbili," akasema. "Ya tarehe tano Mei na ya kumi na nne Juni. Ya Mei ndiyo ya kwanza msimu huu, so watu ni wachache, bei iko chini, na theluji bado imejaa kwa milima. Lakini sikudanganyi, baridi ni ile ya kuuma, bahari inaweza kuchafuka, na kuna bandari zingine hamtatembea kwa sababu barabara za huko juu hazijafunguliwa. Ya Juni bahari imetulia na kuna joto kidogo. Shida ni watu wengi, na theluji imepungua."

"Na jua?" akauliza Bi Fairuz.

"Juni jua halizami, madam. Ni mchana tu, masaa yote."

"Sasa magharibi nitaiswali saa ngapi?"

Monicah, Mkristo wa watu, akanitazama mimi. Kisha akapekua karatasi zake, akasema Mei mwanzoni jua lingali linazama, japo kwa kuchelewa. Bi Fairuz akaguna, akasema atafikiri.

Mimi nilikuwa nahesabu tarehe zangu. Mwanangu Lutfia, mtoto wangu wa pekee, alikuwa anaolewa tarehe ishirini na mbili Juni. Miaka minne sijakanyaga kwetu. Mamangu alifariki mwaka wangu wa pili hapa, na mazishi yake niliyasikia kwenye simu, vilio vya wanawake vinakatikakatika kwa mtandao mbovu. Siku ile nilijiapiza, harusi ya Lutfia sitaisikia kwa simu. Lakini Bi Fairuz ndiye kafeel, mdhamini wangu wa kazi, pasipoti anayo yeye, na bila mimi hapandi hata ngazi tatu. Akichagua Juni, harusi imenipita. Akichagua Mei, Juni niko huru. Basi dua yangu yote ilikuwa Mei.

Siku tatu akapima faida na hasara kwa sauti. Akila, anapima. Nikimkanda magoti, anapima. Bei nafuu, lakini mafua. Magharibi ipo, lakini mawimbi. Hata nikachoka nikamwambia, "Bi Fairuz, wewe hununui meli, unaipanda tu."

"Ndiyo maana nataka istikhara," akasema. "Sitaki kuamua kwa bei."

Istikhara ni rakaa mbili na dua. Unamwomba Mungu akuoneshe heri ya jambo, unalitaja jambo lenyewe, kisha unalala, na wengine huoneshwa ndotoni. Ila Bi Fairuz anameza vidonge vya usingizi, na tangu mumewe afariki hajaota hata paka.

"Niswalie wewe, uiombee ile ya Mei," akasema.

"Istikhara inaazimwa, Bi Fairuz?"

"Kwetu alikuwepo mwalimu akiwaswalia mtaa mzima. Na wewe kulala baada ya alfajiri ndiyo fani yako."

Haya. Nikaamka mapema, nikaswali. Nilipofika mahali pa kutaja haja, nilitakiwa kutaja safari ya Bi Fairuz. Nikataja harusi ya mwanangu. Wallahi sikukusudia, mdomo ulifuata moyo. Nikasema si kitu, Mungu anajua nilichotumwa. Baada ya alfajiri nikajilaza.

Nikaota niko mahali peupe. Weupe chini, weupe kushoto na kulia, hakuna mti wala nyumba. Mbele yangu amekaa mwanamke kitako, kanipa mgongo, kajifunika shali la sufu la kijivu lenye ukingo mweupe. Shali linachuruzika maji. Yanatiririka hayaishi, na yeye hatikisiki wala hasemi. Nikataka nimzunguke nimwone uso, miguu ikakataa. Nikaamka kanga imenilowa jasho.

Nilikuwa sijaona theluji maishani, lakini weupe kama ule ungekuwa nini kingine? Nikajua ni Bi Fairuz yule, na kwamba safari hii hatarudi.

Chai ilipokuwa mezani akauliza, "Enhe, umeoneshwa nini?"

"Kijani," nikasema. "Kijani kitupu, na ndege wanaimba." Kila mtu anajua kijani ni heri.

Akatabasamu, akachovya mkate kwenye chai. "Basi Mei," akasema. "Khalas. Kesho tukalipie."

Nilikwenda jikoni nikaosha vyombo vilivyokwisha oshwa. Nilijiambia mtu wa miaka sabini na mmoja siku zake ni zake, na ajali haina kinga. Mungu anisamehe, niliwaza hivyo, na nilimwazia huyo huyo Bi Fairuz aliyenilaza hospitali kwa fedha zake nilipougua.

Ndoto ikawa inarudi. Kila nikifumba macho baada ya alfajiri, yule mwanamke yupo, na kila siku niko karibu naye zaidi, hatua moja. Siku ya tano yale maji yakanifikia vidoleni. Nikaanza kukaa macho kwa kahawa. Nikawa mkali, namfokea muuza samaki, namfokea Lutfia akinipigia kuuliza, "Mama, unakuja kweli? Niwaambie watu?"

"Waambie," nikasema. "Nakuja."

Kulipa kukaahirishwa kwa magoti ya Bi Fairuz, nami nikampigia Monicah, nikamweleza habari ya harusi na kwamba Mei ndiyo nzuri, akakubali kutushikia nafasi hadi Alhamisi. Jumatano Bi Fairuz akataka kwanza aijaribu baridi. Kule Al Barsha, ndani ya lile duka kubwa, kuna mlima wa theluji chini ya paa, watu wanateleza na huku nje jua linakaanga lami. Akapita dukani kwanza akanunua vitu vyake, msichana wa duka akimshika mkono, mimi nikimsubiri kwenye benchi. Kisha tukavishwa makoti na mabuti ya kukodi, tukaingia.

Alisimama mlangoni kama mtoto siku ya Idi. "Subhanallah," akasema, "kumbe inatoa mvuke mdomoni." Mimi niliinama nikaishika theluji. Ikanichoma kiganja, ikayeyuka. Nikakanyaga, ikalia chini ya buti. Nikasimama pale nimeganda, na si kwa baridi.

Ndotoni nilikuwa peku. Chini palikuwa pakavu, pana vuguvugu, punje punje zinapita katikati ya vidole. Weupe ule haukuwa huu. Ule ulikuwa mchanga. Ni vile vilima vya mchanga vya Shela, ufukweni, nyuma ya nyumba yetu, nilikokulia mimi na alikokulia Lutfia. Nilikuwa nimeota kwetu, nikasema ni ughaibuni.

Nilishindwa kubeba tena. "Bi Fairuz," nikasema, "nilikudanganya. Sikuota kijani." Nikamweleza yote, mgongo, maji, shali la kijivu lenye ukingo mweupe. Nikamwambia nilitaka Mei kwa ajili ya harusi, na kwamba nilikuwa tayari kumpeleka kwenye kifo chake.

Hakukasirika. Akafungua mfuko wake wa dukani.

"Shali kama hili?" akauliza.

Lilikuwa lile lile, la kijivu, la sufu, na ukingo mweupe.

"Ndilo lako hilo," nikasema, na meno yananigongana. "Ni wewe niliyekuona."

"Mimi na kijivu wapi na wapi," akasema. "Hili nimemnunulia bibi harusi, nilikusikia ukiongea naye kwenye simu. Nilitaka ukamvishe kwa mkono wako."

Watoto walikuwa wanapita wakicheka, wanarushiana theluji. Bi Fairuz akanishika mkono, glavu kwa glavu. "Swafiya, ulipofika pa kutaja haja, ulitaja nini?"

"Harusi ya Lutfia," nikasema. Akaelewa.

"Istikhara haiazimwi, mwanangu," akasema taratibu. "Kosa ni langu. Anayeswali ndiye anayeoneshwa."

Usiku ule sikupima chochote. Asubuhi nilikwenda mwenyewe kwa Monicah, nikamwambia tunachukua ya Juni, sote wawili. Akashangaa. "Na harusi ya mtoto wako, mama? Si ulisema Mei ni poa?" Nikamwambia aandike Juni. Niliomba nioneshwe heri ya kuiwahi harusi, nikaoneshwa. Yule wa mchangani ni mwanangu, na kama njia ya kumlinda ni mimi nisifike na shali lisifike, basi sifiki. Bi Fairuz alisema magharibi ataikadiria kwa saa ya mji wa karibu jua linakozama.

Nikampigia Lutfia. Nilimwambia kazi imenibana. Nilimwambia pia asikaribie ufukwe mpaka harusi ipite.

"Mama, nyumba yetu iko ufukweni," akasema. Halafu akalia. Akasema nilikuwa na pesa ya kila kitu isipokuwa ya kumwona yeye, na kwamba bibi yake alikufa akiniita. Nilitamani kumweleza, lakini bibi harusi anaelezwaje jambo kama hilo? Akakata simu.

Leo ni tarehe kumi na mbili Juni. Masanduku yako mlangoni, la Bi Fairuz na langu, na shali la kijivu liko chini kabisa ya langu, nimelifungia kwa kufuli. Litakwenda kaskazini na mimi, liwe mbali naye niwezavyo. Tangu siku ya theluji sijaota tena, hata mara moja. Nalala fofofo.

Lutfia alirudi kunipokelea simu kwa mkato, mara ya mwisho mawimbi yakisikika nyuma yake, na sasa hapokei, siku ya nne. Kanikasirikia, namwambia Bi Fairuz. Ana hasira kama mamake, zitaisha. Bi Fairuz ananiambia inshallah, na mimi napiga tena.