Jiwe la Mama Kitandani

Kazi yangu ni kuwasifia wageni kisiwa ambacho mimi mwenyewe nimeshindwa kukihama. Wanashuka gatini Hillsborough na kofia zao mpya, nami nawaeleza maisha ya Carriacou: bahari safi, majirani wema, viwanja vya kujenga, na nafasi tele kwa mwenye mtaji mdogo na subira kubwa. Nayasema hayo mara nne kwa wiki bila kucheka. Jumanne ile nilikuwa na mume na mke kutoka Kanada, na yule mke akaniuliza, "Kama nafasi ni tele hivyo, mbona vijana wenu wako Brooklyn?"

"Wamekwenda kutembea tu," nikasema.

Mungu anisamehe. Kaka yangu Alban yuko matembezini mwaka wa kumi na mbili huu.

Nafasi yangu mimi haikuwa hapa. Chuo cha wauguzi Trinidad kilikuwa kimenikubali baada ya kuomba mara tatu. Masomo yalianza Jumatatu, na boti ya mwisho ya kuniwahisha ilikuwa ya Ijumaa. Kilichonizuia ni jiwe.

Kwetu marehemu hajapumzika mpaka awekewe jiwe la kaburi, na ukoo mzima ule karamu yake. Siku moja kabla, jiwe hulazwa kitandani mwake na kufunikwa shuka, maana hapo jiwe ndiye yeye. Kifungua mimba ndiye wa kulinyunyizia maji na ramu kabla halijabebwa. Mwaka juzi Alban, kifungua mimba wa Mama, alisema anakuja Pasaka, tukalichukua jiwe la Mama kwa fundi, tukalilaza. Alban hakuja. Mama mkubwa Eutris, dada yake Mama, akashikilia kwamba aliyekwisha kulazwa haondolewi kitandani kurudishwa kwa fundi, wala haachwi peke yake nyumbani. Basi miaka miwili mizima nimekuwa nikilibadilishia jiwe shuka kila Jumamosi. Wachumba wawili wameshanikimbia.

"Chuo hakina miguu," mama mkubwa aliniambia Jumatano, akiambua mbaazi barazani. "Kitakungoja."

"Hakingoji, mama mkubwa. Ni Ijumaa hii."

"Na mama yako umwache na nani? Na mijusi?"

"Lile ni jiwe!"

"Haya, ingia ukamwambie hivyo usoni."

Sikuthubutu. Nikampigia Alban simu, nikaongeza sauti ya simu ili mama mkubwa asikie.

"Kaka, kesho tunamlaza Mama kaburini. Uje, usije, ni kesho."

"Ngojeni Krismasi, mdogo wangu. Safari hii kweli."

"Krismasi ipi tena? Umezimaliza zote! Una moyo wa namna gani wewe? Mama yuko kitandani anakungoja, nami nimeozea hapa kumlinda, wewe unakula raha zako!"

Nilimsikia akifunga mlango upande wake.

"Ianthe," akasema, "sina makaratasi. Sijawahi kuwa nayo. Nikitoka huku sitaruhusiwa kurudi, na wanangu wako huku."

Mama mkubwa aliacha mbaazi zake. Miaka yote hiyo nilikuwa nikimwita kaka yangu mchoyo na mwenye majivuno, kumbe alikuwa amefungwa kuliko mimi. Niliona aibu.

"Kwa nini hukusema, kaka?"

"Ningesemaje? Mama alikuwa akijisifu kanisani kwamba mwanawe ni bwana mkubwa."

Jioni hiyo mama mkubwa akalegea. Alisema mtu asiyeweza kufika atanyunyiza kwa mkono wa dada yake, ila lazima awepo kwa sauti. Alhamisi asubuhi majirani wakaja na mbuzi, wanawake wakasonga unga wa mahindi uani, na wanaume wanne wakasimama kukizunguka kitanda. Nilimpigia Alban, nikaiweka simu juu ya mto wa kitanda, kando ya jiwe, nikachukua kikombe cha maji.

"Ngoja, Ianthe," Alban akasema.

"Nini, kaka?"

"Jiwe likiwa bado kitandani, kila anayeniuliza namwambia nitarudi kumlaza Mama kaburini. Hata wanangu nawaambia hivyo, na mimi mwenyewe naamini. Mkishamlaza, niwaambie nini?"

Wanaume walinitazama. Mama mkubwa alitazama sakafu. Neno "tutangoja" lilinifika kooni, maana nampenda kaka yangu, na hakuna kitu kingine alichowahi kuniomba. Lakini nilijua nikilitamka, Ijumaa itapita, na Jumatatu itapita, na siku moja watu watakuja kunitafutia na mimi jiwe humu humu.

"Nisamehe, kaka," nikasema.

Nikanyunyiza maji, nikanyunyiza ramu. Simu ilikuwa ikilia kwa sauti ya mtu mzima. Nikawaambia wanaume wamnyanyue.