Kilo za Fundi wa Lifti

Kila Jumatano asubuhi, kabla ya chai, wagonjwa wa wodi ya uti wa mgongo walipimwa uzito. Mzani ulikuwa bamba pana la chuma mwishoni mwa ukumbi, karibu na stoo ya mashuka, na mgonjwa alisukumwa juu yake pamoja na kiti chake cha magurudumu. Muuguzi alisoma namba, akatoa uzito wa kiti, na kilichobaki ndicho alichokuwa mtu. Fundi wa lifti alipopimwa mara ya kwanza alikuwa kilo sabini na nane. Wiki chache baadaye alikuwa sabini. Kisha akafika sitini na mbili, na suruali aliyolazwa nayo ikabidi ifungwe kwa bandeji kiunoni.

"Ni misuli ya miguu," mtaalamu wa lishe alimwambia, mwanamke mpole mwenye mazoea ya kuvua viatu akiongea na wagonjwa. "Msuli usiotumwa kazi huondoka. Miezi ya mwanzo wengi hupungua hivi. Baadaye uzito hurudi, lakini kinachorudi ni mafuta. Ndiyo maana tunakuangalia."

"Unaondoka unakwenda wapi?"

"Mwili unautumia wenyewe," alisema. Akafikiri kidogo. "Mara nyingi."

Kwenye kitanda cha pili alilala dereva wa lori, aliyevunjika mgongo mwaka huohuo. "Wangu ulikwenda kwa shemeji yangu," akasema. "Mwangalie tumbo lake akija kunitembelea. Kile ni kigimbi changu cha kulia."

Uzito wa fundi ulijulikana ulikokwenda siku mkewe alipokuja na habari za nyumbani. Alikuwa mshona mapazia, mwenye sauti ya chini, na alipanga vitu kwenye kabati la mumewe huku akizungumza.

"Lifti imepona," alisema.

"Nani kaitengeneza?"

"Hakuna aliyeigusa, baba watoto. Imepona tu. Juzi wamepanda watu wanane na friji."

Ilikuwa lifti ileile iliyomwangusha, na nyumba yao ilikuwa ghorofa ya tano ya jengo hilohilo. Walipewa wakae humo kwa sababu yeye ndiye aliyeitunza. Kila lifti ina mwenzake asiyeonekana na abiria, fremu ya vyuma vizito inayoshuka nyuma ya ukuta lifti inapopanda, na kupanda lifti inaposhuka, ili mota isibebe mzigo wote peke yake. Mafundi huiita uzani. Wakati jengo linakarabatiwa, vyuma kadhaa vilitolewa kwenye uzani vikapelekwa kuegemeza tangi la maji juu ya paa lisiyumbe. Havikurudishwa. Tangu siku hiyo lifti ikijaa watu ilikuwa nzito kuliko mwenzake, na breki peke yake ndiyo iliyoishikilia. Fundi alimwambia msimamizi wa jengo. Akamwambia tena. Jioni moja msimamizi akamjibu kwamba watu wanarudi kutoka kazini, aende tu akaiangalie mara moja. Fundi akapanda juu ya paa la lifti, ghorofa ya nne, na breki ikaachia.

"Mkaguzi amekuja?" aliuliza.

"Amekuja. Alipima uzani, akakuta umetimia. Alivyotia mkono pale palipotolewa vyuma, hakuna kitu, ila pana joto. Anasema ni kama kiti alichotoka mtu sasa hivi." Mkewe alifunga mlango wa kabati. "Halafu akaandika kwamba lifti ni nzima."

Wote wawili walitazama shuka, mahali ambapo miguu ilikuwa imebaki myembamba kama miti ya mwavuli.

"Basi ndiko iliko," fundi akasema.

"Ndiko iliko," mkewe akakubali, na kumuuliza kama ana sabuni ya kutosha.

Mazoezi yalianza baada ya jeraha la mgongo kupona. Mwanadada wa mazoezi hakuwa na maneno mengi wala huruma ya kupoteza. Alimpeleka fundi kwenye ukumbi wenye mikeka na vyuma vya kushikia, akamfundisha kutumia mikono: kujivuta, kujigeuza, kuhama kutoka kitandani kwenda kwenye kiti bila kubebwa. Zaidi ya yote alimfundisha kujiinua, kushika mikono ya kiti, kusukuma chini, na kuning'iniza makalio hewani kidogo.

"Hili utalifanya maisha yako yote," alisema. "Husikii huko chini, kwa hiyo hutajua umekalia vibaya. Usipojiinua, ngozi itakufa, na kidonda chake kinaua. Sikutanii."

Fundi alilipenda zoezi hilo kuliko yote. Alipokuwa hewani, kwa muda mfupi, hakuwa amekaa. Mabega yakaanza kujaa. Jumatano moja muuguzi akasoma sitini na nne, na mtaalamu wa lishe akamshika mkono juu ya kiwiko, akabonyeza.

"Hii siyo mafuta," alisema. "Hii ni nyama yako imerudi."

Siku hiyohiyo mchana lifti ikakwama kati ya ghorofa ya tatu na ya nne. Ndani alikuwamo bibi wa ghorofa ya sita, mkunga mstaafu mwenye magoti mabovu, pamoja na gunia la mkaa. Alikalia gunia hadi jioni. Wiki iliyofuata, ukumbi wa mazoezi ulipofungwa ili upakwe rangi, lifti ilikwenda vizuri. Ukumbi ulipofunguliwa ikakwama tena, safari hii na bibi yuleyule, ambaye sasa alikuwa anabeba kigoda.

Msimamizi wa jengo alikuja hospitalini na machungwa. Alikuwa mtu msafi, mwenye kalamu mbili mfukoni, na alisalimia kila kitanda kabla ya kufika kwa fundi.

"Pole sana, fundi. Jengo zima linakuulizia."

"Nashukuru."

"Sasa, hayo mazoezi. Hayawezi kupunguzwa?"

"Rudisheni vile vyuma."

"Vyuma vipi, ndugu yangu? Uzani umetimia. Mkaguzi amethibitisha."

"Umetimia kwa miguu yangu."

"Mimi sijakataa," msimamizi alisema kwa upole. "Nasema tu umetimia. Na kama umetimia, basi yale maneno yako kwamba jengo ndilo lililosababisha uanguke, hayo nayo tuyaache. Tusiharibiane majina." Alianza kumenya chungwa moja kwa niaba ya mgonjwa. "Nyumba mtabaki nayo. Nani atawatoa? Wewe bado uko kazini, kwa namna yake."

Dereva wa lori alisubiri mpaka mgeni atoke. "Huyo akija tena," akasema, "mwambie anipe na mimi kazi. Nina mapaja mawili yanazurura tu."

Siku hiyo fundi hakucheka. Mkewe alipofika, walizungumza kwa muda mrefu kuliko kawaida. Walihesabu njia zote. Chini kabisa palikuwa na maduka tu na ofisi ya msimamizi. Kuhama jengo kulimaanisha kupata nyumba kwingine bila kazi ya mume, kwa mapazia peke yake, na watoto wawili. Ngazi zilikuwa nyembamba, na kona ya ghorofa ya pili hata godoro lilipitishwa kwa kukunjwa.

"Ukipata nguvu, lifti inakwama," mkewe alisema. "Lifti ikikwama, huwezi kufika nyumbani."

"Na nikikosa nguvu, nitafika nyumbani nifanye nini?"

Mkewe aliangalia mikono yake mwenyewe, iliyochomwachomwa na sindano. "Nitakuhamisha mimi. Nitakugeuza mimi. Wewe fika tu."

Alisema kwa upendo, na fundi alijua ni kwa upendo, na hilo lilimfungia mlango zaidi kuliko maneno ya msimamizi. Kesho yake akamwambia mwanadada wa mazoezi kwamba hatakwenda tena ukumbini.

"Kwa nini?"

Akamweleza. Mwanadada akasikiliza hadi mwisho, mikono kiunoni. Aliwahi kuwa na mgonjwa ambaye uzito wake ulikwenda kushikilia mlango wa duka la kaka yake usibamizwe na upepo, kwa hiyo hapakuwa na la kubishana.

"Utatoka hapa huwezi hata kujipandisha kitandani," alisema.

"Najua."

"Ulikuwa mzuri kuliko wote. Hilo ujue pia." Akaokota mkeka, akaukunja. "Ila kujiinua kwenye kiti usiache. Ngozi haina habari na lifti yako."

Miezi iliyofuata fundi alikaa. Alikaa kitandani, akakaa kwenye kiti, akakaa kwenye veranda ya wodi akitazama magari yakirudi nyuma kwenye maegesho. Mwili ukaanza kupokea uzito wa kukaa: kwanza tumboni, kisha kifuani, kisha chini ya kidevu. Mtaalamu wa lishe alimpunguzia wanga na kumwongezea mboga, akamkataza soda, lakini mwili usiofanya kazi hauhitaji kingi ili unenepe. Sabini. Sabini na nne. Lifti haikujali mafuta. Iliendelea kupanda na kushuka kama iliyotengenezwa jana, na bibi wa ghorofa ya sita akaacha kubeba kigoda.

Jumatano ya mwisho muuguzi alisoma sabini na nane.

"Nimerudi nilipokuwa," fundi akasema.

Mtaalamu wa lishe alikuwa amevua viatu. Hakutabasamu. "Namba imerudi," alijibu. "Kwa mtu mwenye jeraha kama lako hiyo ni nyingi mno. Moyo utachoka, sukari itapanda. Ulipaswa kuwa na kilo chache kuliko hizo, na ziwe za mabegani."

"Za mabegani zina kazi nyingine."

Aliruhusiwa kwenda nyumbani siku ya mvua ndogo. Majirani walimpokea mlangoni kwa vigelegele vifupi, kwa sababu wengine walikuwa wanawahi kazini. Bibi mkunga alimshika mkono, akamwambia, "Mwanangu, unatubeba," kama mtu anayesema amekuja na mwavuli. Kisha akabonyeza kitufe cha tano.

Lifti ilipanda bila kutikisika. Mkewe alisimama nyuma yake, mikono juu ya kiti. Katikati ya safari, nyuma ya ukuta, kitu kizito kikapishana nao kikishuka, na fundi akahisi joto lake likipita. Kwa mara ya kwanza tangu aanguke, goti lake la kushoto likawasha. Alinyoosha mkono kulikuna. Kabla hajafika lilikuwa limekwishapita chini, na vidole vyake vikagusa kitambaa cha suruali kilichokuwa kimya.

"Nini?" mkewe akauliza.

"Hakuna."

Maisha ya ghorofa ya tano yalipata utaratibu wake. Asubuhi mkewe alimgeuza, akamwosha, akamvalisha, kisha akamhamisha kwenye kiti kwa kumkumbatia chini ya kwapa, akihema, mashavu yamegusana. Baadaye alikaa kwenye cherehani. Watoto walikwenda shule. Fundi alikaa dirishani, au mezani, au kati ya dirisha na meza. Hakushuka chini. Angeweza, lifti ilikuwapo, lakini alihitaji mtu wa kumpandisha kizingiti cha mlango, na kizingiti cha nje, na mara nyingi mtu huyo alikuwa na kazi.

Tatizo lilikuwa kujiinua. Kila aliposhika mikono ya kiti na kujisukuma juu, nyama kidogo ya mabegani iliamka, na lifti ikasimama palepale ilipokuwa. Aliposhuka, nayo ikaendelea. Mwanzoni watu waligonga kuta. Baadaye msimamizi akabandika karatasi ndani ya lifti, yenye maandishi makubwa na mhuri wa ofisi: LIFTI IKISIMAMA, TAFADHALI SUBIRI. FUNDI ANAJIINUA.

Baada ya malalamiko ya wapangaji, karatasi ya pili ilipitishwa chini ya mlango wa ghorofa ya tano. Iliandikwa kwa heshima. Ilimwomba fundi asijiinue asubuhi watu wanapokwenda kazini, wala jioni wanaporudi, wala mchana watoto wanapotoka shule. Mkewe aliisoma akiwa amesimama, akaiweka chini ya cherehani ili isipeperuke.

Fundi alifuata. Hakuwa mtu mkorofi, na waliopanda lifti hiyo aliwafahamu wote. Lakini baada ya muda mkewe, akimgeuza asubuhi, aliona doa jekundu chini ya mfupa wa nyonga. Alilibonyeza kwa kidole. Halikubadilika rangi.

"Limeanza," akasema.

"Kubwa?"

"Bado dogo."

Akampaka mafuta kulizunguka, akamlaza ubavu siku nzima, na kesho yake akamweka tena kwenye kiti, kwa sababu mtu hawezi kulala ubavu maisha yote.

Jioni hiyo, saa ambayo karatasi ilikataza, fundi alishika mikono ya kiti na kujiinua. Nyuma ya ukuta mlio wa lifti ukakatika. Alikaa hewani. Mkewe alisimamisha cherehani lakini hakugeuka. Kutoka kwenye shimo la lifti ilisikika sauti ya mgeni fulani ikiuliza kama kuna hitilafu, na sauti ya msimamizi wa jengo ikimtuliza.

"Ni fundi wetu tu," msimamizi alisema. "Atashuka sasa hivi."

Fundi akajizuia juu. Alijizuia hadi viwiko vikaanza kutetemeka, jasho likamwingia machoni, na mle ndani ya lifti hakuna aliyegonga wala kupiga kelele. Walisubiri kwa adabu. Kisha mikono ikaachia, akarudi juu ya kidonda, na lifti ikaendelea kupanda.