Pembe Mbili za Shuka

"Malkia kafika, jamani, tandikeni zulia!" alisema Mama Mikunjo, huku akishika pembe mbili za shuka lililokuwa bado na joto la mashine.

Mwenzake, aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia, alitabasamu tu, akafunga aproni, akashika pembe mbili za upande wa pili. Katika chumba cha kufulia cha hoteli ile, mashuka hukunjwa na watu wawili. Mnalivuta shuka hadi likaze, mnakunja, kisha mnatembea kuelekeana mpaka mikono ikutane. Humkwepi mwenzako, hata kama humpendi.

Na Mama Mikunjo hakumpenda. Roho ilimuuma tangu mwenzake alipomwambia msimamizi waziwazi kwamba ana sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, na kwamba dawa zake humlemea asubuhi. Akaruhusiwa kuanza kazi wengine wakiwa wameshatoka jasho. Kwa kusema tu! Wivu ulimkaa Mama Mikunjo kooni kama mwiba wa samaki. Ndiye aliyembandika jina la Chelewa, na chumba kizima kikalidaka. Mama Mikunjo mwenyewe humeza vidonge vyake chooni, komeo limefungwa. Kifafa chake hakimwangushi. Humzima kidogo tu, macho wazi, kisha humrudisha. Aliamini hakuna aliyewahi kugundua.

Msimamizi alipita. "Mama Mikunjo, kesho unahamia kwenye roli. Nataka mtu makini."

Roli ni silinda ya moto inayopiga pasi kwa kumeza shuka, na vidole pia, ukizubaa. Wanaolisimamia huheshimiwa. Wenzake walipiga vigelegele. Alikitamani cheo hicho kwa miaka.

"Hongera, dada," alisema Chelewa.

Wakavuta shuka lililofuata. Wakakunja.

Fahamu zilipomrudia Mama Mikunjo, Chelewa alikuwa mbele yake, mikono yake imefunika mikono ya Mama Mikunjo ili shuka lisianguke. Msimamizi alikuwa anawatazama.

"Mbona mmesimama?"

"Ni mimi, bosi," Chelewa aliwahi kujibu. "Nimechoka kidogo."

"Wewe tena!" Msimamizi aliguna, akaelekea kwenye roli.

Mama Mikunjo alinong'ona, "Umeanza lini kunifichia?"

"Zamani, dada."

"Umemwambia nani?"

"Si langu hilo niliseme." Chelewa aliweka shuka mezani. "Ila mimi nakusubiri. Roli halitakusubiri."

Mama Mikunjo alitaka kumshukuru, lakini wivu ukatangulia. Kumbe hata kwa wema mwanamke huyu alikuwa amemzidi! Amebeba aibu isiyo yake, na bado jioni huondoka hapa kichwa juu. Alitamani wepesi ule. Aliutamani kuliko roli.

"Bosi!" aliita. Sauti yake ilimezwa na mngurumo wa roli. Akafuta mikono kwenye aproni, akaanza kutembea. "Bosi, nina neno kuhusu roli!"

Msimamizi aligeuka, akatega sikio.

Nyuma ya Mama Mikunjo, Chelewa alichukua shuka jingine kutoka kwenye kikapu. Alishika pembe mbili. Mbili nyingine alizilaza juu ya meza, akasimama akisubiri.