Walitusafishia Korongo

Binti yangu Wavinya aliporudi kutoka Athi River alikuwa na begi moja na kikohozi. Alikuwa ameshona suruali katika kiwanda cha nguo kwa miaka mingi, na vumbi la vitambaa lilikuwa limemkaa kifuani. Usiku nilimsikia akihema kama mtu anayepanda mlima, na yuko kitandani. Daktari alikuwa amemwambia achague, kazi ile au mapafu yake. Binti yake, Mumo, nilikuwa nimemlea mimi tangu alipoachishwa kunyonya. Mtoto aliniita mimi mama. Wavinya, aliyemzaa, alimwita Anti.

Ndiyo sababu mradi wa miti na vipepeo ulipokuja kwenye kilima chetu hapa Kathiani, na Wavinya akapewa kazi ya kutunza kitalu na miche, mimi sikuuona kama mradi wa vipepeo. Niliona ni Mungu amempa mtoto wangu sababu ya kukaa nyumbani.

Tracy ndiye aliyeuleta. Ni msichana wa Mwala, amesomea misitu, na hana maringo. Siku ya kwanza alikaa nasi chini kwenye gunia akala muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa na maharagwe, na akaomba aongezwe. Kwenye mkutano alizungumza juu ya miti: kilima kilikatwa chote kwa makaa, sasa tukipande tena miti ya asili, sisi watu wa mwethya tuliozoea kulimiana mashamba kwa zamu. Shirika lingetupa miche na mizinga ya nyuki. Vipepeo wangepata pa kukaa, na sisi tungepata asali.

Lakini siku nyingine alitupeleka mimi na Wavinya korongoni, chini ya kilima. Pale kulikuwa na kichaka cha ule mmea wa miiba unaopanda juu ya mingine, ambao majani yake ukiyafikicha yananukia ndimu. Sisi huchemsha mizizi yake kwa ajili ya kikohozi. Zaidi ya hapo kazi yake ni kuchana nguo. Tracy aligeuza jani moja akatuonyesha kiwavi wa kijani, mnene, ametulia kama mtoto aliyeshiba.

"Huyu ndiye yule kipepeo mweusi mwenye mstari wa kijani," alisema, akiniita Susu, yaani nyanya, kama wajukuu wa hapa. "Miti mtakayopanda ataila, lakini ni baada ya miaka. Kwa sasa hana chakula kingine kwenye kilima hiki, Susu. Ni hapa tu."

Wavinya hakuwaambia wengine. Kila siku alikuwa pale mwenyewe, na nani angeingia kwenye miiba? Halafu kulikuwa na Mulwa. Mulwa ndiye mwanamume pekee kwenye kikundi chetu ambaye hakosi siku ya kazi, na ndiye mwenye mdomo. Angesikia kwamba Wavinya anachunga viwavi, angetutania mpaka Krismasi.

Basi tukapanda. Kifua cha Wavinya kikatulia. Jioni alishuka kutoka kilimani na udongo magotini, na Mumo akaanza kumkimbilia njiani. Siku moja nikiwa jikoni nikasikia mtoto akiita, "Mama!" Nikaitika. Hakuwa ananiita mimi. Niliinamia sufuria nikamshukuru Mungu, na machozi yakanitoka kidogo, nisiseme uongo.

Mvua za Novemba zilipoanza, pumu ikamrudia. Tulimpeleka hospitali Machakos akiwa hawezi kumaliza sentensi. Nilikaa naye siku zote hizo. Mama wa kitanda cha pili alitugawia uji wake kila asubuhi, hata hatujuani. Kasiva, mwenyekiti wetu, alimchukua Mumo kwake bila kuombwa. Tukiwa huko, Tracy akapiga simu kwamba wakubwa wa shirika wanakuja, na wanataka kuona viwavi wakiwa kwenye majani, ndipo waamue kama mradi utaendelea.

"Tutakuwa tumerudi," Wavinya alimwambia. Kisha akamtumia Kasiva ujumbe kwamba wageni wanakuja. Ni hilo tu.

Siku ya kuruhusiwa tulishuka kwenye bodaboda tukamkuta Kasiva barabarani anatungojea. Alikuwa anabana kicheko.

"Msiende nyumbani kwanza," alisema, akachukua begi. "Wavinya, uko na nguvu ya kutembea kidogo?"

Kikundi chote kilikuwa pale juu. Walianza kuimba walipotuona. Kila mche ulikuwa umezungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa. Chini ya kilima kulikuwa kweupe. Korongo lote lilikuwa limefyekwa na kufagiwa, mistari ya ufagio bado imekaa kwenye udongo kama uwanja wa kanisa siku ya Askofu. Na kuzunguka miche, toka mwanzo mpaka mwisho, walikuwa wamejenga ua kwa matawi ya ule mmea wa miiba.

"Angalia kazi ya wanaume, Mama Mumo!" Mulwa alimwambia Wavinya. "Mbuzi wa jirani yetu Rodgers akipita hapo, huyo si mbuzi, ni shetani."

"Wanaume gani, na wewe uko peke yako?" Kasiva akamjibu. "Tena ulilia kwa mwiba mmoja."

"Nililia kwa sababu nilikuwa nakuangalia wewe ukifyeka. Niliogopa."

Wakacheka. Kasiva akamshika Wavinya mkono. "Tulisema, wageni watukute na kichaka? Waseme msichana wetu amelala kazini? Hapana. Tukaja wote, hata Mama Aloys na mguu wake mbaya. Hatukutaka uje upate taabu na hicho kifua."

Niliangalia mikono yao. Ilikuwa imechanwa hadi kwenye viwiko, wengine damu ilikuwa haijakauka vizuri. Mama Aloys alikuwa amefunga kidole kwa kitambaa cha leso yake nzuri ya kanisani. Hakuna aliyekuwa amewalipa, hakuna aliyewatuma.

Wavinya alishika tawi moja la ua, akaliachia. Kisha akasema, "Asanteni sana. Mungu awabariki," akawakumbatia mmoja mmoja. Nilikuwa karibu naye, nikasikia kifua kikipiga filimbi.

Walipoondoka tulikwenda kwenye ua. Majani yalikuwa yamekauka na kujikunja, na viwavi walikuwa bado humo. Wengi walikuwa wamekufa wakiwa wameshikilia jani. Wachache waliinua vichwa tulipowagusa. Wavinya aliwatoa mmoja mmoja kwenye miiba, akawaweka kwenye beseni langu la kufulia. Tulikwenda kumwomba Kasiva matawi ya mlimau wake, kwa kuwa yana harufu ile ile, naye alitukatia mazuri kabisa na hakuuliza ya nini. Hawakula. Walitembea juu ya majani yale wakitafuta, wakafika ukingoni, wakarudi. Kesho yake nilizunguka makorongo mengine tangu asubuhi, hadi upande wa pili wa kilima. Nilikuta visiki na mashimo ya tanuri za makaa. Niliporudi, Wavinya alikuwa ameshamwaga beseni.

"Shina bado liko ardhini," nilimwambia. "Mvua ikinyesha litachipua."

"Litachipua, Mwaitu, mama yangu. Lakini ni kipepeo gani atakuja kutaga?"

Nilichukua beseni nikaenda kulisuuza.

Wageni walikuja. Watu wetu waliimba, Mulwa akaonyesha ua wake kwa fimbo kama mwalimu kwenye ubao. Wageni walipiga makofi kwa adabu. Tracy alikuwa anaangalia korongo. Alingoja mpaka chai ilipoanza kumiminwa, akatuita mimi na Wavinya nyuma ya kitalu.

"Ni nani?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Wavinya, ni nani alikata?"

Nilifungua mdomo. Wavinya akanikanyaga mguu, si kwa nguvu.

"Ni kikundi?" Tracy aliendelea. "Kwa sababu wakubwa wameniuliza. Wakijua ni kikundi watasema watu hawa hawawezi kuaminiwa na kilima. Watachukua mizinga, watachukua kila kitu, waende kwingine."

"Ni mimi," Wavinya alisema. "Niliwaambia wakate. Nilitaka pawe safi."

"Wewe? Wewe nilikuonyesha kwa mkono wangu!"

"Nilisahau."

Tracy alimwangalia kwa muda mrefu. Nadhani alijua. Macho yake yalijaa maji, akanishika bega, halafu akamwambia kwamba hawezi kumwacha kwenye kazi ile, wala hawezi kumpeleka kwenye kitalu cha Mwala kama alivyokuwa amepanga kumwombea. Wavinya alisema anaelewa. Kutoka upande wa chai tulimsikia Mulwa akimwambia mgeni mmoja kwamba hapa kwetu hata vipepeo wanajipangusa miguu kabla ya kuingia. Watu wakaangua kicheko.

Usiku ule nilimwambia Wavinya twende kwa Kasiva tuseme ukweli. Akaniuliza, "Niwaambie mikono yao ilichanika bure?" Nilizima taa.

Alirudi kiwandani Januari. Watu wetu waliambiwa kazi yake imeisha, na wao wakaamini amepata mshahara mzuri zaidi. Walimsindikiza mpaka barabarani. Mama Aloys alimpa debe la mbaazi, na Mulwa akamwambia, "Nenda ututafutie bwana mwenye lori." Mumo alikataa kumuaga mama yake. Alijificha nyuma ya tangi la maji, na tangu siku hiyo hajaniita mama mimi wala mtu mwingine. Ananiita Susu tu, kwa upole, kama mgeni.

Miti imeshika. Mizinga miwili imeingia nyuki. Mvua za Aprili zilipokuja, kile kichaka kilichipua majani mapya mazuri, na mimi nilikwenda kila siku kuyageuza. Niligeuza jani baada ya jani. Yalikuwa safi.

Jumapili iliyopita Wavinya alipiga simu. Kasiva alikuwa ameketi nami barazani, amenichambulia maharagwe tangu saa nane kwa sababu anajua macho yangu. Wavinya alikuwa anasema maneno matatu, anapumua, anasema mengine matatu. Alimwulizia Mumo. Mumo hakutaka simu.

"Ni Wavinya huyo?" Kasiva akauliza. "Mwambie asiwe na wasiwasi na kilima chake. Juzi tumekwenda tena. Kile kichaka kilianza kurudi, tumeking'oa mpaka mizizi."

Nilishika simu kwa mikono miwili.

"Anasema nini?" Wavinya aliuliza.

Nikamwambia.

Nilimsikia akipumua.

"Mwambie asante," alisema.

Nikamgeukia Kasiva. "Anasema asante."

"Si kitu," Kasiva akasema, akachukua maharagwe mengine. "Ni mtoto wetu."